Aliyefika Mtoni wa Kwanza

Kwenye kibanda changu cha kutengenezea baiskeli, hapa Kemambo, kuna kaunta buku lenye jalada jekundu. Wateja hudhani ni la kazi. Si la kazi. Ndani yake nimewapanga wapanda baiskeli wa mbio za barabarani za Ulaya, wa zamani na wa sasa, kila mmoja na mbio alizoshinda, na pembeni alama nilizompa mimi mwenyewe. Mbio ndefu za wiki tatu, alama kumi. Ubingwa wa dunia, sita. Zile za siku moja kwenye barabara ya mawe, tano. Nani alinipa mamlaka ya kugawa alama? Hakuna. Niliishia darasa la saba. Lakini siku ile nilipoona kwenye simu watu wanapanda mlima wenye theluji pembeni, wamesimama juu ya pedali, midomo wazi kama ndege wanaotaka maji, nilijua kuna kitu duniani nilikuwa sijaambiwa.

Nilitaka kujua jambo moja tu. Katika wote waliowahi kulipwa kupanda baiskeli, tangu zamani mpaka leo, nani mkubwa kuliko wote?

Mwenzangu katika ubishi huo alikuwa mwalimu wa hisabati aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida. Yeye ndiye aliyekuwa ananitafsiria Kiingereza cha kwenye video, na yeye alikuwa upande wa vijana wa sasa.

"Zamani walishindana majirani kwa majirani," alisema siku moja, mimi nikiwa nimeshika tyubu yake ndani ya beseni la maji natafuta tundu. "Nchi chache tu. Leo dunia nzima inapeleka watu. Kumshinda jirani yako na kuishinda dunia ni kitu kimoja?"

"Lakini mwalimu, wa zamani walijifunga tairi mabegani. Pancha unaziba mwenyewe, njaa yako mwenyewe, barabara ya kokoto. Huyu wa sasa anainua mkono tu, gari linakuja, anapewa baiskeli nzima. Hata chakula amepimiwa. Sikioni ana redio ya kumwambia kimbia sasa, pumzika sasa."

"Kwa hiyo tumpe mtu alama kwa kuziba pancha?"

"Tumpe!"

"Basi bingwa wa dunia ni wewe. Ziba hiyo yangu haraka, bingwa, kengele inagongwa."

Watu walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Mimi ni mtu wa kucheka. Na ukweli ni kwamba nilikuwa naota. Mtalii mmoja aliyekuwa anaelekea geti la Ikoma, kuingia mbugani, aliwahi kusimama hapa waya wa gia ulipomkatikia, na nilipoinua baiskeli yake ilikuwa nyepesi kama kapu tupu. Nilikaa mwezi mzima mikono yangu ikikumbuka ule wepesi.

Aliyekuwa hachangii sana ni baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ambaye alinilea. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu inavimba, na hospitali walimwambia akikaa aiinue. Basi kila mchana alikuja akakaa kwenye kreti, miguu yake juu ya tairi kuukuu nililomwekea, akisikiliza. Alikuwa ndiye sababu ya mimi kuijua baiskeli. Ujana wake alikuwa tarishi wa ushirika wa pamba. Alipeleka barua vijijini kwa baiskeli siku sita kwa wiki, na zilipotokea mbio alivaa fulana ya ushirika akashindana.

"Hao wa kwenye simu wanalipwa kupanda baiskeli," aliwahi kumwambia mwalimu. "Na mimi nililipwa kupanda baiskeli. Tofauti ni barua tu."

Mbio zake kubwa zilikuwa za kutoka Tarime mpaka Mugumu. Wakati huo, kama wazee wanavyosimulia, Mto Mara ulivukwa kwa mtumbwi. Unafika ukingoni, unapakia baiskeli yako, unavushwa, unaendelea upande wa Serengeti. Baba mkubwa alifika mtoni wa kwanza, amewaacha wenzake mbali. Mtumbwi ulikuwepo, mpiga kasia yupo. Hakupanda. Alisimama pale ukingoni mpaka akatokea mwenzake, mtu wa rika lake, aliyetahiriwa naye asubuhi moja. Wakavuka pamoja. Huko mbele yule mwenzake akamwacha, akashinda. Baba mkubwa akawa wa pili.

Hadithi hiyo kila mtoto wa kwetu anaijua. Kwetu watu wa rika moja hawaachani, na alama ya kutoachana ikawa ni yeye. Hata jioni ile ya kuamkia tohara yangu, wanaume walitukusanya wakatuambia: kesho mtasimama bega kwa bega, asitikisike mtu, wala asimwache mwenzake, mkumbukeni yule aliyengoja mtoni. Vijana wenzangu walinigeukia. Nilijisikia mrefu. Kisu cha kesho yake, nadhani nilikivumilia kwa ajili ya mto ule.

Na yule aliyeshinda? Alihamia Ringwani, ng'ambo ya mto, kutafuta malisho. Nilimwona mara chache, kwenye misiba na harusi. Kila alipokaa na wenzake hakukosekana mtu wa kumwambia, "Wewe nyamaza, wewe ulingojewa." Watu wanacheka. Na yeye anacheka.

Basi siku moja baba mkubwa aliniomba nimsomee lile daftari. Nikamsomea: wa zamani huyu alama hizi, wa sasa huyu alama zile.

"Mura," akasema, ndivyo alivyoniita siku zote, kijana, "unampiganisha mtoto na babu yake. Kwetu ni nani anafanya hivyo? Mtu anapimwa na rika lake. Aliyewashinda aliosimama nao, huyo ameshinda. Wa rika lingine ana mto wake mwingine wa kuvuka."

Nililipenda neno hilo. Nikachukua rula nikaligawa daftari upya kwa marika: wa baiskeli ya gia moja, wa barabara za kokoto, wa gia nyingi, wa redio sikioni. Hapo ndipo alipoona mistari myekundu.

"Hawa mbona umewakata?"

"Hao walitumia dawa, baba. Walishinda, wakasifiwa, kumbe ndani kuna dawa zilizokatazwa. Wengine walikana miaka mingi, walipoulizwa wakaapa kabisa."

"Na hawa waliowafuata nyuma?"

"Wa pili?"

"Wa pili, wa tatu. Waliokuwa wasafi."

"Wengine walipewa ushindi baadaye. Lakini baadaye baba, ndiyo hivyo. Umeshazeeka, watu wameshasahau, nani atakupigia makofi?"

Aliitazama ile mistari, kidole chake kikubwa kikitembea juu ya mmoja wao. Halafu akaomba fimbo yake. Kesho yake hakuja. Keshokutwa yake hakuja.

Siku ya tatu nilifunga kibanda mapema nikaenda kwake. Nilimkuta amekaa nje, miguu juu ya kigoda, uso umemvimba kidogo. Nilidhani ni ugonjwa. Akamtuma mama mkubwa kumwangalia ndama, na nilipoona ndama yuko palepale amefungwa, nilielewa kwamba kuna neno.

"Sikumngoja," alisema.

"Nani, baba?"

"Pale mtoni. Sikumngoja mtu. Niliogopa."

Alisimulia bila kunitazama. Yeye alikulia milimani, hakuwahi kuingia maji yaliyopita magoti. Wiki moja kabla ya mbio mamba alimchukua mwanamke hapohapo kivukoni. Alipofika, mpiga kasia alimwita: panda, twende. Miguu ilikataa. Miguu hiyo hiyo iliyomleta kutoka Tarime bila kupumzika ilikataa kuinuka. Akabaki ameshika usukani wa baiskeli, anatetemeka, mpaka mwenzake akafika. Mwenzake hakuuliza. Alipakia baiskeli zote mbili, akamshika mkono akamwingiza. Katikati ya mto baba mkubwa alifumba macho, akaushika mkanda wa mwenzake kwa mikono miwili.

"Tulipofika Mugumu, ofisa mmoja akaniuliza: mbona wewe uliyetangulia mtoni umekuwa wa pili? Kabla sijajibu, mzee mmoja akadakia: amemngoja mwenzake wa rika. Watu wakapiga kelele, wakaninyanyua mimi. Mimi, mura. Aliyeshinda amesimama pale na baiskeli yake, anatazama."

"Na wewe ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Mpaka leo."

Nataka kusema kweli hapa, maana ndiyo sababu naandika. Sikumhurumia wakati ule. Nilikasirika. Nilihisi mtu amekuja kunichukulia kitu changu, ile jioni ya kuamkia tohara, ule urefu. Nilimwambia kwa sauti mbaya, "Sasa kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu unakata watu mistari," alisema. "Na kwa sababu sina siku nyingi. Niitie mwenzangu. Nataka nimrudishie ushindi wake kwa mdomo wangu mwenyewe, asije akaupata nikiwa kaburini."

Kesho yake asubuhi nilipanda baiskeli, ile yangu niliyoiunga kwa vipande vya baiskeli tano, nikateremka kwenda mtoni. Siku hizi kuna daraja. Nilivuka kwa pumzi chache tu, tairi zinaimba juu ya zege, hata sikulazimika kubadili gia. Nikasimama upande wa pili, nikageuka kutazama. Viboko walikuwa kwenye kina, masikio tu yanaonekana. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, huoni chini. Nikajaribu kujiweka pale bila daraja, na mtumbwi wa gogo moja, na mwanamke aliyechukuliwa wiki iliyopita. Miguu yangu ingekubali? Nilitafuta jibu zuri, mimi mtu wa kuota, nikalikosa. Hasira ikaanza kunitoka hapo, kidogo kidogo, kama upepo kwenye tyubu yenye tundu la mwiba.

Ringwani nilimkuta yule mzee anarekebisha uzio wa zizi. Mwembamba, mgongo umenyooka bado.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

Nikamwambia.

"Ahaa. Wa kwa yule aliyeningoja." Akacheka, lakini kwa mdomo tu.

"Ndiye aliyenituma. Anaumwa. Anasema aliogopa maji, na anakuita aseme mbele ya watu."

Aliuachia mti aliokuwa ameushika. Akakaa chini, palepale kwenye samadi kavu.

"Amesema? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Ndama alikuja akamnusa sikio, hakumfukuza.

"Baba, wewe kwa nini hukusema miaka yote?"

"Ningemwambia nani?" alisema. "Sikiliza mura. Mimi na yeye tulisimama siku ya kisu, mkono wangu unagusa wake, hakuna aliyepepesa. Leo nikatangaze kwamba mwenzangu alitetemeka mbele ya maji? Akiwa mwoga yeye, rika zima ni la waoga. Na mimi ndani yake. Nikaona afadhali niwe aliyengojewa."

"Haikukuuma?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama jua lina joto.

"Mimi nimeshinda mara moja tu katika maisha haya. Mara moja. Na kila nikiitaja siku hiyo, mtu ananijibu: ulingojewa. Nikaacha kuitaja. Wanangu wana ndevu, hawajui kama niliwahi kupanda baiskeli."

Alikuja siku iliyofuata, kwa pikipiki, amevaa koti. Baba mkubwa alikuwa amewaita pia wazee wawili wa rika lao, ndio waliobaki hapa kwetu. Wakakaa uani. Mama mkubwa akaleta uji, akakaa na yeye, safari hii hakutumwa kwa ndama. Mimi niliambiwa nije na daftari.

Baba mkubwa alisema yote. Kisu hakikumtikisa, lakini maneno yale yalimtikisa, na kikombe kikamwagikia mkononi. Mmoja wa wale wazee alikuwa amefunika uso kwa kofia.

Mgeni wa Ringwani akakohoa.

"Na ulikojoa pia," alisema.

"Sikukojoa!"

"Suruali yangu ililowa. Uliniegemea."

"Yale yalikuwa maji ya mtumbwi!"

"Maji ya mtumbwi yana joto?"

Mama mkubwa ndiye aliyeanza kucheka, akiwa amejiziba mdomo kwa kanga. Halafu wote. Yule wa kofia alicheka mpaka machozi, au yalianza machozi halafu kicheko, sijui. Baba mkubwa alicheka huku ameshika kifua, na mimi nikaogopa ule moyo wake.

Vicheko vilipoisha alinigeukia. "Lete daftari. Ulisema wanaoficha unawakata. Niandike, halafu chora mstari wako."

Nilimwandika. Niliandika: tarishi, fulana ya ushirika, Tarime mpaka Mugumu, wa pili. Nikashika kalamu nyekundu. Sikuweza kuishusha.

"Chora," alisema.

"Asichore," alisema yule wa Ringwani. Alinyoosha mkono akaichukua ile kalamu kutoka vidoleni mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Ukimfuta huyu, mimi nilimshinda nani? Nilishindana peke yangu? Huyu alikuwa na mbio kuliko mtu yeyote aliyewahi kupita barabara ile. Nilimfikia kwa sababu ya mto. Baada ya mto nilimwacha kwa miguu yangu. Andika hivyo. Aliogopa, andika. Lakini mwache aonekane, ili watu waone nilimshinda mtu wa namna gani."

Nikaandika hivyo.

Baba mkubwa alifariki mvua za masika zilipoanza. Walinipa mimi niandike na kusoma wasifu wake, mimi wa darasa la saba, mbele ya watu wote, katekista amesimama pembeni. Ndugu wengine hawakutaka sehemu ile ya mtoni. Walisema, tutawaambia nini vijana mwaka wa tohara ukifika? Niliwaonyesha ukurasa wa daftari, na pale chini alama ya dole gumba la marehemu mwenyewe, aliyoiweka siku ile kwa wino wa kalamu yangu. Wakanirudishia daftari.

Nilisoma kwamba alizaliwa, kwamba alisoma kidogo, kwamba alipeleka barua za watu bila kupoteza hata moja. Nikasoma kwamba alifika mtoni wa kwanza, akaogopa kuvuka peke yake, akavushwa na mwenzake wa rika. Kwamba huko mbele mwenzake huyo alimshinda, kwa haki, wala hakungojewa. Watu waligunaguna, kisha mvua ikasikika juu ya turubai.

Yule mzee alikuwa amekaa mbele, katikati ya watoto wake wa kiume waliomleta kutoka Ringwani. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika kidevuni, alimwinamia. Nilikuwa karibu, nikawasikia.

"Baba, wewe? Ulishinda mbio za baiskeli?"

Mzee alikuwa anatazama jeneza. Aliweka mkono kwenye mkanda wake wa kiunoni, mbele, pale ambapo mtu aliyekaa nyuma yako kwenye mtumbwi angekushikilia.

"Nilishinda," alisema.

Nikakunja karatasi, nikarudi kukaa.